Lori la Zamani na Ringi za Vipande: Kabla Hujalaumu Tairi

Boza langu la maji ni Bedford TJ, lori la pua ambalo Waingereza walianza kulitoa kiwandani mwaka 1958. Nimelirithi kwa baba mdogo likiwa na injini nzima, bodi lililooza miguuni pa dereva, na ringi saba za vipande, yaani zenye pete za kuvulika badala ya chuma kimoja, ukihesabu na ya spea. Ekseli alishazibadili yeye zamani akaweka za lori la Kijerumani, jambo ambalo baadaye lilinitoa jasho. Mwaka wa kwanza nilikuwa mteja wa kudumu wa kijana wa pancha pale Buguruni. Nikiegesha tu, anainuka: "Shikamoo mzee. Leo tyubu au kiraka?" Nilinunua tyubu, nikabadili flapu, ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na ringi, nikabadili matairi, nikabadili hadi dereva. Ringi sikuzigusa. Chuma kinaugua nini?

Kinaugua, tena hapa kwetu kinaugua haraka. Boza linavuja maji matone kwa matone juu ya magurudumu siku nzima. Jioni linalala kwenye hewa ya chumvi, na masika likipita Jangwani linaogeshwa maji ambayo sitaki kuyataja yana nini. Malori ya mchanga yana shida hiyo hiyo. Kutu inaanzia pale usipopaona, chini ya flapu na ndani ya mfereji wa loki, pete inayolizuia tairi lisitoke, na inakuja juu ikiwa imevaa sura ya ugonjwa wa tairi. Ndiyo maana watu wanatibu tairi.

Njia niliyopita kuutafuta ugonjwa huo ndiyo hii, dalili kwa dalili, mpaka siku nilipozing'oa zote nikaweka ringi za kipande kimoja.

Una ringi gani?

Gereji nyingi zinaziita zote "ringi za loki" na kuishia hapo. Lakini aina ni kadhaa. Ya vipande viwili ina ringi mama, ile yenye sahani na matundu ya nati, na pete moja ya pembeni iliyokatwa mahali pamoja. Pete hiyo hiyo ndiyo ukuta wa tairi na ndiyo loki. Ya vipande vitatu ina ringi mama, pete ya ubavu isiyokatwa, na loki nyembamba iliyokatwa ambayo inaingia kwenye mfereji na kuibana pete ya ubavu isitoke. Langu lilikuwa na nne za vipande vitatu na tatu za viwili, mchanganyiko wa miaka hamsini ya kuokoteza.

Kuna mbili nyingine ambazo ukikutana nazo usianze hata kujifunza. Ya kwanza ni ile ya malori ya Kimarekani iliyokatwa katikati, nusu mbili zinashikana chini ya tairi. Tairi likishavaa huwezi kuona kama zimeshikana sawasawa au la. Ya pili ni ya malori ya kijeshi ya Kiingereza, nusu mbili zilizofungwa kwa bolti zake zenyewe kuizunguka sahani. Nati za bolti hizo zilikuwa zikipakwa rangi nyekundu kuonya watu, maana asiyejua anazidhani ni nati za gurudumu, anazifungua tairi likiwa na upepo, na hapo hakuna wa kumsimulia kilichotokea. Rangi nyekundu ya jeshi ilishabanduka siku nyingi. Ukiona safu mbili za nati kwenye gurudumu moja, weka spana chini kwanza.

Upepo kwanza

Tairi la saizi ya 10.00-20 lina ubavu wa ndani wenye zaidi ya inchi za mraba 900. Likijazwa PSI 100, kila inchi ya mraba inasukumwa na pauni 100. Zidisha: ni zaidi ya tani 40 zinazousukuma ubavu mmoja. Si mzigo wote unaoiangukia loki, sehemu kubwa inabebwa na tairi lenyewe, lakini hata robo yake ni tani 10 zilizoegemea pete ambayo kinachoishika ni ukingo wa mfereji usiozidi unene wa kidole. Kuna kibanda cha pancha Tabata chenye tundu kwenye bati la paa, limekaa kama mwezi mchanga. Mwenyewe hajaliziba. Anawaonyesha vijana anaowafundisha kazi, kisha anaendelea na chai yake.

Kwa hiyo: gurudumu la ringi ya vipande halifunguliwi nati kabla kisindano cha ndani ya valvu hakijatolewa chote. Kubonyeza tu hakutoshi. Ikiwa ni tairi pacha za nyuma, toa upepo wa zote mbili, ya ndani na ya nje. Kisha pitisha waya kwenye valvu, kwa sababu uchafu unaweza kuiziba ukadhani tairi ni tupu kumbe bado limeshiba.

Wakati wa kujaza, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu, na kichwa chake kiwe cha kubana chenyewe kwenye valvu ili wewe usimame mbali, pembeni, nje ya njia ambayo pete ingeruka. Marekani walilitungia kanuni maalumu mwaka 1980 baada ya kuzika mafundi wengi. Kanuni hiyo inaruhusu nje ya kizimba upepo wa kulikalisha tairi kwenye ringi tu, si zaidi. Nimeona Mandela Road watu wakijaza PSI 90 huku utingo amekaa juu ya tairi "kulikandamiza". Na nyundo: loki haigongwi tairi likiwa na upepo. Ikikaa vibaya, toa upepo wote, anza upya.

Jambo moja zaidi, maana madereva wetu hawalijali. Tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 au chini ya upepo wake halijazwi likiwa hapo hapo kwenye gari. Loki inaweza kuwa imeshahama kwenye mfereji. Livuliwe, likaguliwe, ndipo lijazwe.

Tyubu inatoboka, na msumari hauonekani

Hii ndiyo dalili iliyonila pesa. Siri yake ni kipande cha chaki. Kabla ya kulivua tairi, chora alama kwenye ubavu wake pale valvu ilipo. Ukishaitoa tyubu, ijaze upepo kidogo, ilaze juu ya tairi valvu ikielekea alama, upande uleule uliokuwa juu ubaki juu. Sasa tundu la tyubu linakuonyesha kwa kidole mahali lilipoumia.

Tundu likiwa upande wa kashata, yaani unaokanyaga barabara, tafuta msumari au waya ndani ya tairi, maliza, nenda zako. Likiwa upande wa ringi, usinunue tyubu nyingine kwanza. Angalia flapu. Flapu iliyokakamaa ikapasuka pembeni, au ya saizi nyingine iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwepo dukani, inaiacha tyubu ikalie chuma. Chini ya flapu pitisha kiganja ukiwa umevaa kitambaa cha pamba, si glavu ya ngozi. Mahali kitambaa kinaponasa ndipo tyubu inaponaswa. Magamba ya kutu yanakatika kama ganda la mhogo na kusafiri mpaka yanapata pa kuchoma.

Mara nyingine tundu si tundu ni mstari, tyubu imekunjika. Tyubu kubwa kuliko tairi inajikunja. Tyubu iliyovalishwa bila unga inagandia na kujikunja. Ikiwa mstari huo unafuata mzingo wa ringi kwa urefu wa kiganja au zaidi, hapo ni pete ya ubavu. Imepinda, inaing'ata flapu kila gurudumu linapozunguka.

Ringi yenye kutu ya juu juu inasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, itakusogeza. Yenye vishimo ambavyo kucha inazama, imekwisha. Kati ya saba zangu, nne zilikuwa na vishimo.

Valvu imelala upande

Valvu isiyosimama wima, au iliyochanika shinani pake, inasema tairi limeteleza juu ya ringi na kuiburuta tyubu. Upepo mdogo ndio chanzo cha kwanza, hasa lori linapopanda mlima likiwa limejaa. Lita 5,000 za maji ni tani 5 kamili, na kilima cha Goba hakina huruma. Kama upepo ni sahihi na valvu bado inalala, basi kitako cha tairi kwenye ringi kimelika. Kwenye ringi hizi kitako hicho kina mteremko mdogo wa nyuzi 5, na tairi linashikwa kwa kupanda mteremko ule. Ukiliwa na kutu na miaka, tairi halina pa kushika. Hakuna dawa ya kupaka.

Upepo upimwe asubuhi kabla lori halijatembea. Tairi lililokwisha kupigwa jua la saa nane Ubungo litakudanganya, na ukilipunguza likiwa moto litabaki na njaa likipoa.

Loki haikai, au inalia

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya.

Dalili zake: pete inaonekana imechomoza upande mmoja, ncha zake mbili zimepandana, au nafasi kati yake ni pana kiasi cha kuingiza kidole, kuna mlio wa "ti, ti" lori linapotembea polepole, au fundi analalamika kwamba "inaingia kirahisi sana siku hizi". Hiyo ya mwisho watu huichukua kama habari njema. Loki iliyo hai inapaswa kukupigania kidogo unapoivalisha.

Ivue, ioshe kwa dizeli na brashi, ilaze sakafuni penye usawa. Ikiyumba kama meza ya mguu mfupi, imepinda. Kisha ichunguze kwenye kona ya ndani, pale inapoegemea mfereji. Kona hiyo ikiwa imeviringika na kung'aa, imelika. Mfereji wa ringi mama nao ufuate kwa ncha ya bisibisi mzunguko mzima. Utaokota mchanga, kutu, vipande vya rangi. Baada ya hapo tafuta ufa. Ufa kwenye mfereji haujifichui kwa macho. Futa pakavu, paka dizeli, ngoja robo saa, futa tena, kisha paka chaki. Dizeli iliyojificha kwenye ufa itajitokeza juu ya chaki kama mstari wa wino.

Nilipofanya hivyo kwenye ringi yangu ya mbele kushoto, mstari ulikuwa na urefu wa kidole cha kati. Ringi hiyo ilikuwa imebeba maji tangu Idi iliyopita.

Ushauri niliopewa siku hiyo na gereji moja, sitaitaja, ulikuwa nichomelee. "Tunapiga welding hapa, tunasaga, haionekani." Kweli haionekani. Moto unabadili ugumu wa chuma kando ya mshono, na ufa unaofuata unaanzia hapo. Ringi haichomelewi, haipashwi moto kunyooshwa, na loki iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo ikarudishwa kazini.

Halafu kuna kosa la kuoanisha. Loki ya ringi ya kampuni moja inaweza kuingia kwenye mfereji wa kampuni nyingine, ikakaa, hata ikakubali upepo. Kufanana saizi hakutoshi. Umbo la mfereji na la pete lazima viwe vya familia moja, na alama za kiwandani zilizogongwa kwenye vipande vyote ndizo zinazothibitisha. Alama zikiwa zimeliwa na kutu, huwezi kuthibitisha, na usichoweza kuthibitisha usikitie upepo. Kwa kipimo hicho, zangu tatu zenye loki za kuokoteza zilitoka mchezoni papo hapo, mbili kati yake hazikuwa hata na vishimo.

Lori linatikisa usukani

Inua mbele kwa jeki, weka stendi. Shika tairi juu na chini ulisukume na kulivuta: likicheza, beringi au kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) ndiyo mkosaji, si ringi. Ikiwa iko imara, simamisha kipande cha nondo chini, ncha yake iwe karibu kugusa ukingo wa ringi, zungusha gurudumu kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kubana kwa milimita kadhaa, sahani imepinda. Kama ringi inazunguka sawa lakini tairi linapanda na kushuka, tairi halikukaa katikati. Livuliwe, livalishwe upya. Ringi za vipande zina kasoro hii kwa maumbile yake: vipande vitatu, kila kimoja na upotofu wake, vinajumlishana.

Nati zinalegea

Michirizi ya kutu inayotoka kwenye matundu ya nati kama machozi ni ushahidi kwamba gurudumu linacheza. Wengi wanaongeza bomba kwenye spana na kukaza zaidi. Ukiikuta michirizi, vua uangalie: matundu yamekuwa mayai? Kuna tabaka la rangi nene kati ya sahani na habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa? Rangi ikisagika, nati inabaki na hewa. Stadi, yaani bolti inayoshika nati, iliyovutwa kwa bomba mara nyingi inaonekana shingoni, imekuwa nyembamba. Ikikatika moja badilisha na jirani zake.

Na kwa vijana wanaogusa malori haya mara ya kwanza: mengi ya Kiingereza na ya Kijapani ya zamani yana nati za kushoto upande wa kushoto. Zinafunguka kwa kuzungusha kinyume cha mazoea. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi au uso wa nati kabla hujakata kitu kizuri kwa nguvu zako.

Kubadili: pima, usikadirie

Ringi ya kipande kimoja ya tyubulesi haina loki, haina flapu, haina tyubu. Kitako chake kina mteremko wa nyuzi 15 na katikati kuna bonde la kusaidia kulivalisha tairi. Hapo ndipo hesabu ya saizi inapoanzia: inchi 22.5 ndiyo inayochukua nafasi ya inchi 20 ya zamani. 8.25-20 inalingana na 9R22.5; 9.00-20 na 10R22.5, 10.00-20 na 11R22.5, 11.00-20 na 12R22.5. Mimi nilikuwa na 9.00-20, kwa hiyo nikatafuta 10R22.5 kwenye ringi yenye upana wa inchi 7.50. Kimo chake ni karibu sentimita 102, sawa na la zamani, hivyo spidi mita haikudanganya na gia hazikubadilika.

Jirani yangu aliona 22.5 zina bei, akachukua 19.5 zenye matairi ya 285/70. Tairi hilo lina kimo cha kama sentimita 89.5, pungufu ya asilimia 12. Lori likapanda mlima vizuri, hilo nalikubali, lakini barabara kuu injini inapiga kelele, na spidi mita inasoma zaidi ya mwendo halisi. Isitoshe dramu ya breki ya nyuma iligusa bonde la ringi. Alisaga dramu kupata nafasi. Sijapanda tena kwenye lori lile.

Sasa matundu. Kwa stadi zenye idadi shufwa, pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa ndani wa tundu linalolikabili moja kwa moja. Huo ndio mduara wa stadi. Pima na tundu kubwa la katikati. Usiamini kitabu cha lori, maana hujui nani alibadili ekseli kabla yako.

Mtego ulioninasa ni huu. Habu zangu zina stadi nane, mduara wa milimita 275, katikati 221. Shaurimoyo nikapata ringi safi kabisa zilizotoka kwenye lori la Kijapani, matundu nane, katikati 221. Ikaingia kwenye habu kama kofia ya mtu kichwani mwake. Stadi zikakataa. Muuzaji akasema, "Bosi, hizo zinataka kukazwa tu, zitajivuta." Nikarudi na tepu: mduara wake ni 285. Tofauti ni milimita 10, yaani kila stadi iko milimita 5 nje ya mahali pake. Ukiwa na nati za koni na bomba refu, ndiyo, zitajivuta, mpaka stadi ya kwanza ikatike. Wapo wanaopanua matundu kwa fundi wa leithi. Ringi ya namna hiyo haina tena kinachoishika katikati.

Malori makubwa ya Ulaya yana stadi kumi kwa mduara wa 335 na katikati 281, na ringi zake ndizo nyingi mjini. Ikiwa habu zako ni hizo, una bahati. Lakini hata hapo uliza jambo la pili: ringi inajiweka katikati kwa kitu gani? Za zamani zinajiweka kwa nati, tundu lina koni na nati ina koni. Nyingi za kisasa zinajiweka kwa habu, tundu limenyooka na nati ina kola bapa inayozunguka. Tundu lililonyooka likikazwa kwa nati ya koni linagusa mstari mwembamba tu. Linalegea kabla hujafika Kibaha.

Kisha unene wa sahani, maana mnene zaidi unaila stadi na nati inabaki na nyuzi chache za kushika. Na kina cha sahani, ambacho kwa tairi pacha ndicho kinachoamua umbali kati ya la ndani na la nje. Chukua ringi moja tu kwanza. Ifunge mbele, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Ifunge nyuma, zungusha, sikiliza dramu. Ndipo ulipie zilizobaki. Muuzaji atakayekataa utaratibu huo ana sababu zake.

Dalili mpya baada ya kubadili

Matairi pacha yanabusiana chini. Lijaze lori, tazama kwa nyuma pale yanapovimba karibu na ardhi. Kama kipande cha mbao nyembamba hakipiti, kina cha sahani si sahihi. Spesa za kutengeneza mtaani si jibu.

Upepo unapungua kidogo kidogo kila wiki. Paka povu la sabuni kwenye valvu, kisha kwenye ukingo mzima wa tairi. Vipovu ukingoni maana yake ringi ya mtumba ina kutu kwenye kitako. Vua, sugua, vaa upya. Vipovu katikati ya chuma ni ufa, na ringi hiyo irudi ilikotoka. Utashauriwa utie tyubu ndani ya tyubulesi ili mambo yaishe. Ukikubali, umejirudishia nusu ya ugonjwa na ufa bado upo.

Valvu ya tairi la ndani haifikiki. Hili ni dogo, lakini ndilo litakalofanya dereva asipime upepo kabisa. Panga ringi ya nje ili dirisha lake liangukie valvu ya ndani, na uweke kirefusho.

Usukani umebadilika tabia. Ikiwa ulitoka kwenye tairi za nyuzi mshazari ukaingia za radial, zenye nyuzi zilizonyooka kutoka ubavu hadi ubavu, ni kawaida, utazoea. Kisicho kawaida ni kuchanganya aina mbili kwenye ekseli moja, na hilo hufanyika hasa spea inapokuwa bado ya zamani. Badilisha na spea.

Nati: kaza kwa mtindo wa nyota, kwa spana yenye kipimo, kwa kiasi cha kitabu cha ekseli uliyonayo. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Mimi nilitoka na boza tupu kuelekea Chalinze, nikasimama Mlandizi, nikakuta nati mbili za nyuma kulia zimekubali robo ya mzunguko. Nikazirudia tena Chalinze. Hazikusogea.

Ringi za zamani sikuziuza nzima. Nilizipeleka zikiwa tupu kwa fundi wa gesi Gerezani azikate vipande kabla ya kwenda kwa wa vyuma chakavu, kwa sababu najua nikiziacha nzima wiki ijayo zitakuwa chini ya lori la mtu. Kijana wa Buguruni alikuja kunisaidia kupakua. Akaigeuza geuza moja, akaisugua kwa kidole. "Mzee, hii mbona ina afya? Nipe mimi." Nikamwomba chaki na dizeli. Tukaipaka pamoja, tukangoja robo saa. Hakukuwa na mstari. Ilikuwa nzima, na loki yake ilikuwa ya ringi nyingine. Fundi akawasha gesi.